Pedali ngumu si tabia ya gari

Barabara ya kutoka Lushoto kushuka Mombo si ndefu, kilomita thelathini na kitu tu, lakini ndani ya kilomita hizo gari linashuka karibu mita 1,000, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Gereji yangu iko chini yake. Pikapu zinazoteremka na kabichi, viazi na karoti hunifikia magurudumu yakinuka, na kauli ya madereva ni ileile: "Fundi, breki zipo, ila ngumu kidogo." Wanaitamka kama watu wanaoeleza tabia ya gari. Mimi nasema ni kasoro, na gari lenye kasoro hiyo halifai kupakia.

Fungua boneti ya Hilux. Upande wa dereva, nyuma ya masta silinda, kuna kopo jeusi la bati lenye kipenyo cha sentimita 25 hivi. Hilo ndilo busta. Ndani mna kiwambo cha mpira kinacholigawa vyumba viwili. Injini ikiwaka, hewa hunyonywa kutoka vyumba vyote. Ukikanyaga pedali, valvu inaruhusu hewa ya nje iingie chumba cha nyuma peke yake, nayo inasukuma kiwambo mbele, kiwambo kinasukuma masta silinda pamoja na mguu wako. Mbelgiji Albert Dewandre alibuni kifaa cha namna hii miaka ya 1920, na hadi leo magari mengi yanakitegemea. Busta la ukubwa huo likinyonywa vizuri huongeza msukumo wa karibu kilo 300. Likifa, kazi hiyo inadaiwa kwenye goti la dereva.

Hewa hiyo inanyonywa na nini? Injini ya petroli hunyonya yenyewe. Dizeli haina mvuto huo, inahitaji pampu. Kwenye Hilux za injini ya 2L, 3L na 5L, ambazo tunazo nyingi huku, pampu imefungwa mgongoni mwa altaneta, inazunguka nayo, na inalainishwa kwa oili ya injini inayopita kwenye bomba dogo.

Hapa ndipo hatari ilipojificha. Mkanda wa altaneta ukikatika, taa ya betri inawaka, na dereva anajiambia kwamba betri itamfikisha Mombo. Ni kweli, injini itaendelea kunguruma. Lakini pampu imesimama. Busta lina akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu. Ikiisha, pedali inagoma.

Nimewahi kuletewa pikapu ambayo altaneta yake iliungua, ikafungwa nyingine ya bei nafuu, ya gari la petroli, isiyo na pampu. Taa zilikuwa kali na betri imejaa. Mpira wa busta, ule wa kupitisha hewa inayonyonywa, ulikuwa umezibwa kwa boliti na kukazwa kwa waya. Niliishika boliti ile mkononi nikakasirika. Aliyeifunga alijua kuna mpira uliobaki bila kazi, akauziba, akapokea hela yake. Gari lilikuwa limeshuka mlima hivyo hivyo, na shehena ya nyanya.

Zipo kasoro nyingine. Kuna mpira wa busta unaobadilishwa kwa mpira wa maji, ambao ukinyonywa unasinyaa na kujiziba. Kuna masta silinda inayovujia ndani ya busta, mafuta ya breki yanapungua wala huoni tone chini, na kiwambo kinaoza.

Halafu kuna wanaoweka fri na kuzima injini mteremkoni waokoe dizeli. Injini iliyozimwa haizungushi pampu, na gari lililo fri halishikwi na gia. Ukishuka kwenye gia bila kukanyaga mafuta, pampu ya dizeli yenyewe hukata dizeli karibu yote, kwa hiyo hata hicho kinachookolewa hakipo.

Kipimo cha busta hakihitaji kompyuta. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Acha mguu juu yake, kisha washa. Ikizama kidogo, busta linafanya kazi. Isipozama, usipakie. Zima tena, subiri dakika chache, ukanyage: mkanyago wa kwanza ukiwa mgumu, kuna mahali hewa inavuja.

Naomba kipimo hiki kiwemo kwenye ukaguzi wa magari, hasa tunapobandikiwa stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama. Askari akae kwenye kiti cha dereva, akanyage mwenyewe. Kipimo hakimalizi dakika mbili. Taa na matairi tunavikagua kwa kuwa vinaonekana kwa nje, na ni sawa, ila mtu anayeshuka barabara hii na tani moja mgongoni anahitaji zaidi ya hapo.

Nawaambia pia wenye magari, kwa sababu dereva wa kuajiriwa hana fedha ya altaneta. Ikifa, inunuliwe yenye pampu yake, na gharama iwe ya mwenye gari, asikatwe dereva kwenye posho. Na dereva akikataa kupakia kwa sababu pedali ni ngumu, asitafutwe mwingine wa kukaa kwenye kiti chake.