Mambéty Si Godard wa Mtu

Nimechoka kusoma kwamba Djibril Diop Mambéty ni "Godard wa Afrika". Eti ni sifa! Mtu kazaliwa Senegali mwaka 1945, hakusomea filamu shule yoyote, mwaka 1973 anatoa Touki Bouki, halafu mpaka leo tunampa cheo cha naibu wa Mfaransa.

Hoja yao naijua: picha zinakatwa ghafla, wakati unarukaruka, sauti inakwenda kwake na picha kwake. Sawa, lakini tazameni basi kinachokatwa. Mory, mchunga ng'ombe wa zamani, anazunguka Dakar na pikipiki iliyofungwa pembe za ng'ombe. Ng'ombe wanachinjwa mbele ya macho yetu, damu haifichwi. Yeye na Anta, msichana wa chuo, wanasaka kwa wizi nauli ya kwenda Paris, na wimbo wa Josephine Baker unaisifu Paris tena na tena mpaka unakera. Unakera kwa makusudi! Siku ya safari Anta anapanda meli. Mory anageuka mbio kuitafuta pikipiki yake. Kijana kakatika vipande viwili, nanyi mnataka filamu inyooke?

Halafu jina lenyewe. Touki Bouki, kwa Kiwolofu, ni safari ya fisi. Sisi tuliolelewa na ngano za fisi mlafi na sungura tunakosaje kuliona hilo? Ngano huruka, hurudia kiitikio, haiombi ruhusa ya mtu.

Alipokopa, hakuficha. Hyènes ya mwaka 1992 ni tamthilia ya Mswisi Dürrenmatt iliyohamishiwa Colobane, alikozaliwa Mambéty: bibi tajiri anarudi kununua kifo cha mwanamume aliyemkana, na majirani, huku wakijifanya wema, wanaanza kujaza nyumba vitu vipya. Mbona sijasikia Dürrenmatt akiitwa "Mambéty wa Uswisi"?

Alifariki 1998 akiwa ameacha filamu ndefu mbili tu na fupi chache. Anayebisha aanze na Le Franc ya 1994, haifiki hata saa moja. Mwanamuziki fukara, mwenye nyumba kamnyang'anya ala yake kwa sababu ya kodi, anagandisha tiketi ya bahati nasibu mlangoni isipotee. Inashinda. Haibanduki. Basi anaung'oa mlango mzima na kuubeba mjini kwenda kudai pesa zake. Huo mlango nao, niambieni, kaukopa kwa Mfaransa gani?