Samaki Ana Soketi
Jumatano nilimsindikiza binamu yangu, dereva wa lori, hadi geti la bandari moja ya mwambao wetu. Ndani kila kitu kimepigiwa hesabu: sakafu ya yadi imeshindiliwa ibebe makontena yaliyopandana manne, matano, na moja la futi 40 likijaa hufika tani 30. Kreni zina reli zake. Makontena ya samaki, soketi zake za umeme. Nje ya geti madereva wamelala chini ya matrela. Choo je? Binamu alicheka, akanionyesha kichaka. Mimi si mhandisi, ila nyumba hujulikana kwa baraza yake, si kwa ghala. Aliyechora bandari ile alimkumbuka samaki, akamsahau mtu. Zamu yetu iliitwa saa nane usiku.