Suruali Haikupasua Mwamba

Tuliokuwa tukingoja gari la Mugumu pale Machochwe tulimsikia mzee wetu. Maongezi yalianza na maharamia wa kike waliovaa kiume, yakahamia Mirerani kwa Pili Hussein, mwanamke aliyechimba tanzanaiti kwa karibu miaka kumi akijiita Mjomba Hussein. Mzee akashusha hoja nne kwa sauti ya mtu asiyetarajia jibu. Yeye namheshimu, kwa umri ni baba yangu. Hoja zake ni jambo jingine, hasa kwa kuwa baadhi yake haziwezi kulala nyumba moja. Waamuzi ni ninyi.

Hoja ya kwanza: hii ni hadithi ya kutunga, kwani hakuna mwanamke awezaye kuwaficha wanaume mwili wake muda wote huo. Nakiri kwamba visa vya aina hii huongezwa chumvi. Anne Bonny na Mary Read walishtakiwa kwa uharamia nchini Jamaica Novemba 1720, na simulizi maarufu hudai kuwa walijificha hata kwa mabaharia wenzao. Mahakamani yalisemwa mengine. Dorothy Thomas, shahidi aliyekutana nao baharini, alieleza kuwa walivaa koti na suruali za kiume, kila mmoja na panga na bastola, lakini yeye aliwatambua kwa ukubwa wa matiti yao. Mashahidi wengine walisema nguo za kiume zilivaliwa wakati wa kufukuza meli tu. Kwa hao wawili, mzee angeshinda. Kwa Pili, mambo yamegeuka. Yeye husimulia kuwa mwanamke mmoja alipobakwa na wachimbaji, wahalifu wenyewe walimnyooshea kidole Mjomba Hussein, na polisi wakamkamata. Nani humsingizia ubakaji mtu anayemjua kuwa ni mwanamke?

Hoja ya pili: alikuwa tapeli, na uongo ni uongo hata ukijaza mfuko. Sawa. Basi tuonyeshwe aliyetapeliwa, na alichopoteza. Pili aliikimbia ndoa ya mateso akiwa na miaka 31, akakuta wanawake hawaruhusiwi mgodini, akachukua suruali kubwa, akaikata ikawa kaptula, akaingia. Kwa maelezo yake, alifanya kazi saa 10 hadi 12 kwa siku na kushuka hadi mita 600. Jina lilikuwa la uongo, jasho lilikuwa la kweli. Mwamba haukumpasukia kwa sababu ya kaptula, na mawe aliyoyatoa hayakupungua rangi kwa sababu aliyeyatoa ni mwanamke. Uongo wake wote uliishia langoni, mahali ambapo aliulizwa swali lisilohusu kazi.

Hoja ya tatu: mila zetu hazijui mwanamke kushika nafasi ya mwanamume. Hapa mzee amenikuta nyumbani. Ni Mkurya gani asiyejua nyumba ntobhu? Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wa mahari, akaoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa wakahesabiwa kuwa wa nyumba yake. Hafichi jina, habani sauti, havai suruali. Sisemi mila hiyo haina dhuluma. Binti anayeolewa hivyo mara nyingi hana kauli. Nasema tu kwamba wazee wetu walikwishajua kuwa kuwa mume katika boma ni nafasi, na nafasi hiyo huweza kushikwa na mwanamke mwenye ng'ombe. Mzee anapotetea mila, asiikate nusu.

Hoja ya nne ndiyo iliyoshangiliwa: Pili ni ushahidi kwamba hakuna kizuizi, mwenye bidii hupenya. Lakini kupenya si kufunguliwa mlango. Mwaka 1935 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba uliokataza wanawake wa umri wowote kuchimba chini ya ardhi. Huwezi kuniambia ukuta ulioandikwa hivyo haukuwapo. Tena tazameni gharama. Ili aachiwe na polisi, Pili alilazimika kuomba aletwe mwanamke amkague mwili. Mwanamume mwenye bidii kama yake alidaiwa nini? Hata baada ya siri kufichuka, wenzake hawakusadiki kabisa kuwa ni mwanamke hadi alipoolewa, mwaka 2001. Na habari zake zilipoenea duniani mwaka 2017, kampuni yake ya uchimbaji ilikuwa na wafanyakazi 70. Wanawake walikuwa watatu, wote wapishi. Kama bidii ya mmoja ingetosha kufungua lango, hao watatu wangekuwa shimoni, si jikoni.

Sasa ziwekeni hoja hizo bega kwa bega. Ya kwanza inasema jambo hili halikutokea. Ya nne inalitumia kama ushahidi. Ya pili inamwita Pili tapeli. Ya nne inawataka binti zetu wajifunze kwake. Tukikutana tena na mzee kituoni nitamwamkia kwanza, kama ipasavyo, kisha nitamwomba achague moja. Atakayoiacha itakuwa imekufa kwa mkono wake, si kwa wangu.