Benki Zikiungana: Akiba za Ndugu Zetu wa Kahama na Geita Ziko Mikononi mwa Nani?



Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Limetufikia swali kutoka kwa mama mmoja wa Pemba. Mwanawe alikuwa na duka la nguo Kahama, mkoani Shinyanga, kisha akahamia Katoro, Geita, akiwauzia wachimbaji wadogo wa dhahabu. Amefariki, Allah Amrehemu. Mama amebakiwa na kitabu cha akiba chenye jina la benki ambayo leo haipo, na laini ya simu iliyokwisha fungwa. Anauliza mambo mawili. Kwanza, je, pesa zile zimekufa pamoja na benki? Pili, kama zipo, ni halali kuzila, maana zimekaa miaka na huenda zimezaa?

Jibu fupi ni kwamba hazikufa, na kilicho halali ni kile alichokiweka mwanawe. Lakini tumeona tusiishie hapo, kwa sababu familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtu huko kwenye ukanda wa dhahabu, na wengi wetu hatujui mtu wetu ameweka wapi alichochuma.

Tuanze na hali ilivyo. Katika miaka hii, benki za Tanzania zimekuwa zikiungana na kumezana kwa kasi. Mwezi Mei 2018 Twiga Bancorp, ambayo Benki Kuu ilikuwa imeiweka chini ya usimamizi wake tangu Oktoba 2016 kwa upungufu wa mtaji, iliunganishwa na Benki ya Posta. Agosti mwaka huo huo ikafuata Benki ya Wanawake. Mwaka 2020 ikaingia TIB Corporate, na mwaka 2021 Benki ya Posta yenyewe ikabadilisha jina, ikawa Tanzania Commercial Bank. Kwa hivyo mtu aliyefungua akaunti Twiga Bancorp akaenda zake machimboni, akirudi baada ya miaka mitano anakuta jina limebadilika mara mbili. Bank M nayo ilisimamishwa shughuli zake Agosti 2018, na Januari 2019 mali na madeni yake yakahamishiwa Azania Bank. Na Aprili 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Benki ya Ushirika Dodoma, iliyotokana na benki ya ushirika ya Kilimanjaro na benki ya wananchi ya Tandahimba.

Wazee wa pamba wa Shinyanga hawayatazami mambo haya kwa macho tunayoyatazama sisi. Wao wanaukumbuka mwaka 1976, Serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika, vyama walivyovijenga kwa pamba yao wenyewe tangu zama za ukoloni. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na SHIRECU ikazaliwa, lakini imani haikurudi yote. Ukisikia mtu wa Shinyanga anasema ng'ombe ni benki isiyobadilisha jina, usimcheke.

Hata hivyo kuna tofauti kubwa baina ya benki kuunganishwa na benki kufungwa, na watu wengi wanaichanganya. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja, mojawapo ikiwa benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera, jirani kabisa na Geita. Benki ikifungwa hivyo, mteja hulipwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi kikomo maalumu, na kilichozidi husubiri mali ya benki iuzwe. Wakati ule kikomo kilikuwa shilingi 1,500,000. Sasa ni 7,500,000. Lakini benki ikiunganishwa, salio lote huhama lilivyo. Hakuna kikomo, hakuna kusubiri mnada.

Kuna jambo moja hapa ambalo wafanyabiashara wetu hawalitilii maanani. Kinga ile ya bima ni kwa kila mteja katika kila benki. Aliyekuwa na milioni saba benki hii na milioni saba benki ile alikuwa amekingwa zote. Benki mbili zile zikiungana, milioni kumi na nne zake zinakuwa ndani ya benki moja, na kinga yake ni ile milioni saba na nusu. Siku ya tangazo la kuungana ndiyo siku ya kulifikiria hili.

Sasa tuje kwenye fiqhi. Sisi tumezoea kuziita pesa za benki amana. Lakini amana katika fiqhi ni kitu kinachohifadhiwa kama kilivyo, na aliyeshikishwa haruhusiwi kukitumia, na kikipotea bila ya uzembe wake halipi. Benki inazitumia pesa zako na inadhamini kuzirejesha kwa hali yoyote, kwa hiyo wanazuoni wengi wa zama hizi wameona kuwa akaunti ya kawaida ni mkopo: wewe ndiye mkopeshaji, benki ndiyo mdaiwa. Na mdaiwa anapouhamishia mzigo wa deni lake kwa mwingine, hiyo ni hawala ya deni, mlango maarufu katika vitabu vyetu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) amemuelekeza mwenye kudai akihamishiwa kwa mtu mwenye uwezo, akubali kumfuata huyo.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, hawala haisihi ila kwa ridhaa ya anayehamisha na ya mwenye haki. Ndipo linapokuja suala: nani alimuomba ridhaa muuza nguo wa Katoro? Rai yetu ni kwamba tangazo likitolewa wazi, na mteja akaachiwa nafasi ya kutoa pesa zake, naye akanyamaza, basi kunyamaza kwake kwa ada za leo ni ridhaa. Ama ambaye habari hazikumfikia, au amekufa kabla, haki yake iko palepale juu ya benki iliyorithi, na hakuna mtu wa kaunta anayeweza kumwambia kuwa amechelewa.

Deni nalo huhama vilevile. Tulipopita Kahama tulimsikia kijana mmoja akifurahi kwamba benki iliyomkopesha "imekufa", kwa hivyo mkopo umekufa nayo. Hapana. Kilichobadilika ni nani wa kumdai, na anayeondoka duniani na deni hilo limemng'ang'ania shingoni, awe amekopa kwa njia ya halali au amekosea njia. Atatubia kwa riba aliyoingia, lakini asili ya deni atailipa.

Ugumu zaidi uko kwenye akiba za simu na za vikundi. Machimboni, kwa wenye maduara (yaani mashimo ya kuchimbia), wenye makarasha ya kusagia mawe, na mama lishe wanaowapikia, chombo cha akiba ni kikoba. Vikoba vingi siku hizi havina kasha la kufuli tatu. Vimo ndani ya simu, kama vile M-Koba, huduma ya Vodacom na Benki ya Posta, ambayo sasa ni TCB. Kwa hivyo mwanakikundi ambaye hajawahi kukanyaga benki amejikuta mteja wa benki iliyoungana na kubadilisha jina, naye hana habari. Visiwani sisi tumeonja kitu cha mfano huo: Novemba 2024 Tigo na Zantel zilipogeuka kuwa Yas, wangapi walipiga simu kuuliza salio lao liko wapi?

Katika simu, mwenye mali ni mwenye jina. Na jina ndilo tatizo letu. Kijana ametoka Micheweni na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, amefika Geita akaambiwa anatakiwa awe na NIDA, hana, rafiki yake akamsajilia laini kwa kitambulisho chake. Pesa za miaka minne zimepita katika laini ile. Kisheria ni za rafiki. Kisharia ni za kijana, lakini atazithibitisha kwa nini? Au kitabu cha benki kimeandikwa majina mawili na NIDA ina matatu. Benki mbili zinapounganisha daftari zao, huu ndio wakati majina yasiyolingana yanapojitokeza, na akaunti husimamishwa mpaka mwenyewe aje. Mwenyewe yuko wapi? Allah Ametuamrisha katika aya ya deni, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, tuandike deni na tuweke mashahidi, liwe dogo au kubwa. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, na sisi tunaandikiana madeni vichwani.

Na SACCOS? Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, SACCOS inatakiwa iwe na leseni inayotolewa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na kwa vyama vidogo kuungana ni njia mojawapo ya kuitimiza sheria hiyo. Bodi ya Bima ya Amana tuliyoitaja ni ya benki. SACCOS na vikoba havimo. Mwanachama aelewe kuwa ana mafungu matatu ndani ya chama chake, na kila moja lina hukumu yake. Amana ni pesa anayoweza kuitoa. Akiba imeshikiliwa kuwa dhamana ya mikopo mpaka ajitoe uanachama. Hisa ni umiliki, na hapo sisi tunasema kwa uwazi: mwenye hisa katika chama kinachokopesha kwa riba ni mshirika katika biashara hiyo, na hali yake ni nzito kuliko mwenye kuweka pesa tu kwa kuhofia wezi. Jambo la kuungana huletwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Muislamu aliyekuwa akitafuta njia ya kutoka, huo ndio mlango. Ahudhurie, adai hesabu ya mafungu yake matatu kwa maandishi, na achukue kilicho chake. Milango mengine ipo: Amana Bank, na madirisha ya Kiislamu ya PBZ, CRDB, NBC na KCB. Aulize mkataba wake kabla ya kutia saini. Jina la Kiarabu juu ya mlango halitoshi.

Kuhusu zaka, wengine wamedhani kuwa mwaka ambao akaunti ilikuwa imesimamishwa hauhesabiwi. Deni lililo juu ya mdaiwa mwenye uwezo na anayelikubali lina zaka kila mwaka. Kama pesa zimezuiliwa na huna njia ya kuzipata, hulazimiki kutoa mpaka zikufikie, na zikikufikia utatoa kwa miaka iliyopita, kwa kauli iliyo na nguvu katika madhehebu ya Shafi.

Kabla hatujamrudia mama yetu, tuseme neno kuhusu aliyepotea. Oktoba 2015 mgodi wa Nyangarata, Kahama, uliporomoka. Watu watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, ingawa mmoja wao alifariki baadaye hospitalini. Siku 41! Kwa hivyo pindi mtu wenu akipotea machimboni, msikimbilie akiba yake. Mali ya aliyepotea hairithiwi mpaka ithibitike kafa au Kadhi ahukumu hivyo. Mwenye namba ya siri ya simu yake aiache kama ilivyo.

Sasa mama. Mauti yalitokea Geita, kwa hivyo cheti cha kifo kinatafutwa RITA, huko huko bara. Kisha atahitajika msimamizi wa mirathi, anayethibitishwa na Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi. Benki haitamsikiliza mtu asiye na barua hiyo. Anaweza kuanza hapa nyumbani kwa kuomba maelekezo kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ili asipande meli na basi bure. Akifika katika benki iliyorithi, aende na kitabu cha zamani hata kama kimechakaa, na adai taarifa ya akaunti tangu siku ya kufunguliwa. Ndiyo itakayomuonesha ni kipi mwanawe alichoweka na kipi kimeongezwa na benki. Kilichoongezwa apewe fakiri, bila ya kutia nia ya sadaka, maana si chao.

Kisha kuna jambo ambalo mama hakuliuliza. Katika mistari ya mwisho ya barua yake anamtaja "yule mwanamke wa Katoro" na watoto wake wawili, na anasema hawamjui. Kama nikaha ilifungwa, huyo ni mke, hata kama hakuna hata mtu mmoja wa Pemba aliyehudhuria, na wale ni wajukuu zake. Baba wa marehemu alitangulia. Basi baada ya gharama za maziko, madeni na wasia kama upo, mali itagawiwa mafungu 24: mama 4, mke 3, na 17 ya watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke wakiwa wamechanganyika. Jina la mke na ya watoto yaandikwe katika maombi ya mirathi tangu siku ya kwanza, na ni bora mama ampigie simu kabla hajaenda mahakamani, kwani huenda kadi ya benki na namba ya akaunti mpya viko kwake.

Wallahu a'lam.