Utabiri wa Ziwa Nyasa: Nani aliandika kina cha maji?

MVUVI wa Mbamba Bay au Liuli anaposikia redioni kwamba kutakuwa na upepo mkali Ziwa Nyasa, huenda akadhani yupo mtu aliyetazama anga na kuamua. Ukweli ni kwamba nyuma ya mtabiri zipo programu za kompyuta, na kila programu ni mkusanyiko wa sehemu nyingi zilizoandikwa na watu tofauti katika miaka tofauti.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ni miongoni mwa taasisi zinazotumia programu iitwayo WRF, ambayo hutolewa bure na kituo cha utafiti wa anga cha Marekani, NCAR. Ndani yake ipo sehemu ya mawingu, ipo ya mionzi ya jua, ipo ya udongo na, tangu toleo la 3.6 la mwaka 2014, ipo ya maziwa. Mtumiaji huwasha sehemu hizo kwa namba. Hiyo ya maziwa huja ikiwa imezimwa.

Hapo ndipo suala la maelezo linapokuwa zito. Mwongozo wa WRF unasema kwamba pasipo takwimu za kina cha ziwa, programu itachukulia kuwa kina ni mita 50. Ziwa Nyasa linafikia takriban mita 700. Ni kweli kwamba maji yake ya chini kabisa hayachanganyiki na ya juu, hivyo tofauti hiyo si ya kukokotoa kwa hesabu nyepesi ya kugawanya. Hata hivyo, ziwa lenye kina huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa, na tofauti ya joto kati ya maji na nchi kavu ndiyo husukuma pepo za mchana na usiku ufukweni. Unyevu wa ziwa nao hupanda milima ya Umatengo, kwenye kahawa na ngolo za Mbinga.

Lipo jingine. Joto la uso wa maji likikosekana katika takwimu za ziwa, WRF hulikisia kutoka maji ya karibu yenye takwimu. Kwa Mbamba Bay, maji hayo yanaweza kuwa Bahari ya Hindi, umbali wa zaidi ya kilomita 500! Njia mbadala, ya kutumia wastani wa joto la hewa, imeelezwa katika mwongozo huohuo, kwa anayeusoma.

Wataalamu hawakulala. Mfumo wa ESMF, ulioanza kujengwa Marekani mwaka 2002, unataka kila sehemu itaje inachopokea na inachotoa. WRF nayo ina faili ambamo kila kigezo hupewa jina, kipimo na maelezo mafupi. Lakini nidhamu hiyo hueleza umbo la sehemu kuliko dhana zake. Neno "mita" linaandikwa. Kwamba 50 ni makisio tu, ramani ya utabiri haionyeshi.

Ukurasa mmoja ungetosha kuambatana na kila utabiri wa ziwa: toleo la programu, sehemu zilizowashwa, kina kilichotumika na chanzo cha joto la maji. Kati ya Mei na Agosti, pepo za kusini-mashariki, ambazo upande wa Malawi huitwa mwera, huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Utabiri ukikosea wakati huo, mtaalamu aliyerithi kompyuta hiyo atajua aanzie wapi kutafuta kosa.