Filamu Isifungiwe Kabatini

Wapo wasemao kuwa filamu ya wizi haina la kumfunza mtu mwenye kazi ya heshima, na kwamba wanaokusanya filamu kuukuu za namna hiyo wanapoteza fedha na wakati. Rai hiyo yafaa ipimwe kwa mfano.

Mwaka 1955 ilitolewa nchini Ufaransa filamu iitwayo Du rififi chez les hommes. Aliyeiongoza ni Jules Dassin, Mmarekani aliyenyimwa kazi Hollywood baada ya kutajwa mwaka 1951, mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, kuwa ni Mkomunisti. Mtu aliyefungiwa riziki kwao kwa sababu ya siasa akatengeneza ugenini, kwa fedha haba, filamu iliyompatia tuzo ya uongozaji katika tamasha la Cannes mwaka huohuo.

Kinachowavuta wakusanyaji hasa ni kile kipande cha kiasi cha nusu saa ambapo wezi wanne wanavunja duka la vito mjini Paris. Hakuna neno linalosemwa, wala muziki haupigwi. Dari inatobolewa, mwavuli unakinga vifusi visianguke kwa kishindo, na king'ora kinanyamazishwa kwa povu la kuzimia moto. Hata hivyo, filamu haiwatukuzi wahalifu. Siku za mwizi arobaini: kabla haijakwisha, wote wanne wamekufa.

Basi hazina kama hii itunzweje? Wahenga walinena kuwa akiba haiozi, lakini utepe wa filamu huoza. Tepe za asetati zikiachwa penye joto na unyevu hunuka siki, husinyaa, na picha hupotea. Mkusanyaji anayezihifadhi vyema anastahili shukrani. Lakini yupo pia anunuaye nakala adimu au bango la awali na kulifungia kabatini, akingoja bei ipande. Huyo hatunzi sanaa, anatunza mtaji.

Njia iliyo bora ilionyeshwa na Henri Langlois na wenzake, walioanzisha Cinémathèque française mjini Paris mwaka 1936. Wao walikusanya filamu ili watu wazione. Mwalimu na mtumishi wa umma hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Jalada lisilofunguliwa halimwamulii mtu shauri lake, na kitabu kilichofungiwa ghalani hakimfundishi mtoto kusoma. Filamu nayo ni vivyo hivyo: itunzwe, kisha ionyeshwe.