Mbwa wa Lindo Anapoharisha

Askari aliyekabidhiwa mbwa wa lindo mjini Gitega, au kwenye njia itokayo Muyinga kwenda mpaka wa Kobero, huamka siku moja akakuta banda lote limechafuka. Mbwa anaharisha, na zamu ya usiku inakaribia. Basi hukimbilia duka la dawa, akanunua vidonge vya metronidazoli au tetrasaiklini na kumnywesha. Siku ya tatu mbwa amepona, na vidonge vimepewa sifa isiyo yao.

Sababu ni kwamba mbwa mwenye afya, aliyekula uchafu au kubadilishiwa chakula ghafula, kwa kawaida hupona mwenyewe katika siku chache. Mwaka 2024 mtandao wa wataalamu wa mifugo wa Ulaya ulitoa mwongozo kuwa kuhara kudogo au kwa wastani kusitibiwe kwa antibiotiki. Damu kwenye kinyesi, peke yake, si sababu ya kuzitoa.

Kwetu wanajeshi na polisi jambo hili haliishii bandani. Wenye umri mkubwa wanakumbuka ugonjwa wa kuhara damu uliozuka Zaire mwaka 1979, kisha ukaingia Burundi. Haukuletwa na mbwa. Lakini bakteria wake walizishinda dawa moja baada ya nyingine, na ulipowapiga wakimbizi wa Goma mwaka 1994, hata asidi ya nalidiksiki iliyokuwa ikitegemewa haikufaa tena. Mwaka 2019 usugu wa bakteria kwa dawa uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani. Nao bakteria sugu waliomo tumboni mwa mbwa waweza kumhamia yule anayesafisha banda kwa mikono mitupu. Siku askari huyo akijeruhiwa, atatibiwa kwa dawa zipi?

Afanyeje basi? Ampumzishe mbwa kazi. Ampe maji safi, kidogo kidogo na mara nyingi, kwani upungufu wa maji ndio huua. Ampe wali laini na nyama ya kuku iliyochemshwa bila mafuta, sehemu ndogo ndogo. Aangalie pia tarehe ya mwisho ya dawa ya minyoo, jambo linalosahauliwa mno.

Lakini mbwa akilegea, akitapika mfululizo, akiwa na homa, au ngozi ya shingo ikivutwa na kuchelewa kurudi mahali pake, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Huyo ndiye wa kuamua kama antibiotiki inahitajika. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa, akihara damu na kutapika, ashukiwe kuwa na parvo, virusi vilivyotambuliwa mwaka 1978. Antibiotiki haiviui, ingawa daktari aweza kuitoa ili kuzuia bakteria wa utumbo wasiingie katika damu. Mtoto huyo atengwe mara moja, na banda lisafishwe kisha lioshwe kwa maji ya klorini, maana virusi hivyo hudumu udongoni miezi mingi.